Keki ya kwanza kwa mtu asiyejua kuoka kabisa, nianze na ipi? Niko Dodoma, oveni sina

Nyota_ya_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu, habari za mchana. Nina swali la jikoni na naombeni msinicheke, au mkicheka basi mcheke huku mnajibu. Mimi kwenye ugali, mlenda, pilau, maandazi sina shida, hata chapati zangu zinagombewa, ila keki sijawahi kupika hata ya kuonja. Sasa nimeamua nijifunze, mwanangu anatimiza miaka sita mwisho wa mwezi na keki za kuagiza nimeuliza bei pale mjini nikasema ahsante nikaondoka zangu. Nyumbani nina jiko la gesi la pleti mbili na jiko la mkaa, oveni sina, miksa sina, mizani sina. Nimeangalia video Tiktok nimeona red velvet, nimeona black forest, halafu kuna moja wanasema ni viungo vitatu tu, mayai sukari na unga, hiyo ndo nimeipenda maana haina mambo mengi. Je nianze na hiyo? Na kama siyo hiyo niambieni ipi, isinitie hasara maana bei ya mayai saa hizi mnaijua wenyewe. Nataka nijaribu wikiendi hii ili siku yenyewe ikifika niwe na uhakika.

SponjiNdioMambo

Mbona umeshajijibu mwenyewe mkuu. Anza na hiyo hiyo ya viungo vitatu, mayai manne, sukari, unga, vanila kama unayo, imeisha hiyo. Huhitaji siagi wala beking pauda, gharama ndogo, ikitoka ni laini balaa. Watu wanapenda kutisha wenzao tu.

kijana_wa_mabweni

Nakaa hapa kwanza nafuatilia, na mimi nina swali langu nitauliza baadaye

MamaWaIlazo

Nyota mdogo wangu hapana. Na wewe Sponji usininunie, keki yako ni nzuri sana ila siyo ya mtu wa siku ya kwanza tena asiye na miksa.

Mimi naoka kwa kuuza huku Ilazo, na mabinti wanaokuja kujifunza kwangu sponji, yaani hiyo ya viungo vitatu, siwapi mpaka wamezoea nyingine. Sababu ni hii, ile keki haina kitu cha kuiinua zaidi ya hewa uliyoingiza wewe kwenye mayai. Mayai na sukari unayapiga mpaka yawe meupe, yajae kama mara tatu ya yalivyokuwa, ukiinua mchapo udondoke mchirizi mrefu bila kukatika na alama yake ibaki juu kidogo kabla ya kuzama. Kwa miksa ni kama dakika kumi, kwa mkono utabadilisha mkono wa kulia na wa kushoto mpaka uite jirani. Na hapo bado, unga unauingiza kidogo kidogo kwa kuchota toka chini kuja juu, taratibu, ukikoroga kama unasonga ugali hewa yote inatoka na hakuna beking pauda ya kukuokoa. Mayai manne yamekwenda na ulichopata ni kitu kifupi kigumu chenye harufu ya yai.

Kwa hiyo viungo vichache siyo urahisi. Wewe angalia kazi ya kuinua keki anaifanya nani, ni mkono wako au ni beking pauda. Mtu anayeanza amwachie beking pauda.

Hizo nyingine za Tiktok, red velvet kuioka siyo ngumu, ni keki ya kawaida yenye rangi na kakao kidogo, shida ni ile krimu yake ya jibini laini ambayo hapa mjini siyo kila duka unaipata na ukiipata bei yake imechangamka. Black forest ndo usahau kabisa, ile robo tatu ya kazi ni krimu na mapambo, keki yenyewe ipo huko ndani hata haionekani.

Anza na keki ya mafuta na mtindi. Hupigi kitu, unachanganya tu.

Mtangata

Hahaha watu wa bara mnahangaika. Huku kwetu Tanga bibi zetu wanapika mkate wa mayai, mayai sukari unga na iliki, na unaumuka wenyewe wala hiyo pauda yenu hawaijui

MamaWaIlazo

Mtangata kaka ndo hiyo hiyo sponji, na bibi yako alianza kupiga hayo mayai tangu yuko binti. Mlete bibi Nkuhungu tutampokea stendi, lakini uzi wa leo ni wa mtu ambaye hajawahi.

Nyota_ya_Nkuhungu

Da Ilazo nimekuelewa vizuri sana, ahsante. Sasa nipe vipimo ila kumbuka mizani sina, na zile habari za cup na ounce zinanichanganya

MamaWaIlazo

Ndo maana nikakuchagulia hii, haitaki mizani. Ufaransa hii keki watoto wanaanza nayo wakiwa wadogo kabisa, wanamimina kikopo cha mtindi kwenye bakuli halafu kikopo hicho hicho kitupu ndo wanapimia vitu vingine vyote. Wewe fanya hivi.

Tafuta kikombe kidogo, siyo hicho unachonywea chai asubuhi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza maji, kikombe chako kiwe kile ambacho chupa hiyo inakijaza mara nne. Ukishakipata kila kitu unapimia hicho hicho. Mtindi kikombe 1, mafuta ya kupikia robo tatu ya kikombe, sukari kikombe 1 na nusu (wengi wanaweka 2, mimi naona inazidi), unga wa ngano vikombe 3, mayai ya kisasa 3, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi ya kubana na vidole viwili, vanila kijiko cha chai. Kama vanila huna kwangua ganda la chungwa au la limao, ile rangi ya juu tu, ukifika kwenye weupe unaacha maana ni mchungu.

Kikombe kidogo nakisisitiza kwa sababu watu ndo wanaharibia hapo. Anachukua kikombe kikubwa cha robo lita, anafuata moja, moja na nusu, tatu, halafu mayai yanabaki matatu yale yale na beking pauda ile ile. Unga umekuwa mara mbili mayai hayajaongezeka, keki inatoka kavu inapasuka pasuka anasema resipi mbovu.

Kuchanganya: mayai na sukari koroga kwa mchapo au hata uma dakika moja mbili, tia mtindi, mafuta, vanila, koroga. Bakuli jingine chekecha unga, beking pauda na chumvi pamoja. Mimina huo unga kule kwenye majimaji, koroga mpaka usione unga mkavu, HAPO HAPO ACHA. Vidonge vidogo vidogo visikutie wasiwasi vitaisha kwenye moto. Watu mkono hautulii wanaendelea kukoroga wakidhani ndo keki inalainika, kumbe ngano ukiisumbua sana inaanza kuvutika, ule mvutiko unaoutaka kwenye chapati kwenye keki hauutaki, utakuta ndani ina mashimo marefu marefu na unatafuna badala ya kula.

Na ukishachanganya usiende kupiga stori, ingiza kwenye moto. Beking pauda ikishalowa imeanza kazi.

Chapakazi_DOM

Naheshimu mawazo ya dada ila mimi nalelewa na keki ya robo robo na mpaka kesho hakuna inayoishinda. Robo ya unga, robo ya sukari, robo ya Blue Band, mayai matano. Huhitaji kukariri kitu, unaenda dukani kwa Mangi unamwambia nipimie robo robo umemaliza, mizani anayo yeye. Mama yangu alikuwa anatupikia hiyo kila Krismasi kwa jiko la mkaa hapa hapa Chang'ombe na miksa tulikuwa hatuijui.

MamaWaIlazo

Chapakazi hapo sikupingi, hiyo ni keki ya heshima. Hata hesabu yake imekaa vizuri, yai la kisasa bila ganda ni kama gramu 50, matano ni 250, kwa hiyo kila kitu ni robo kilo kweli. Ni ile ile ya Waingereza ya zamani ya paundi moja ya kila kitu, wao wakitumia paundi yao ya gramu 454 na familia kubwa.

Ila tuambie ukweli, nani alikuwa anapiga ile Blue Band na sukari? Ni nyie watoto mnapokezana mwiko! Lazima iwe nyeupe na nyepesi, hapo napo ni hewa ya mkono. Afadhali kidogo kuliko sponji kwa sababu ukiogopa unaweza kutia kijiko cha beking pauda. Halafu siagi iwe laini isiwe imeyeyuka, na kwa joto letu la Oktoba Novemba ikifika saa sita mchana kopo limeshakuwa mafuta, inabidi uamke nayo asubuhi. Mayai unatia moja moja, ya joto la chumbani siyo ya kutoka friji, ukiona mchanganyiko umekatika umekuwa kama maziwa yaliyoganda vibaya tia kijiko kimoja cha unga endelea. Unaona mambo yanavyoongezeka? Mimi robo robo naiweka ya pili. Akishaona ya mtindi imekubali, mkono umezoea moto, aje huku.

Chapakazi_DOM

Mwiko tulikuwa tunapokezana kweli 😂 haya dada nakubali, ya pili

TicherFizikia

Niongezee kitu ambacho naona hakijasemwa. Dodoma tuko juu, kama mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari. Maji hapa hayachemki nyuzi 100, yanachemka kwenye kama 96, na mgandamizo wa hewa uko chini ya wa Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Maana yake kwenye keki ni kwamba gesi ya beking pauda inatanuka zaidi na haraka kuliko ilivyokusudiwa na mtu aliyeandika resipi yake akiwa pwani. Keki inapanda kwa fujo, inafika juu kabla ukuta wake wa ndani haujaiva, halafu inabonyea katikati. Na maji nayo yanapotea haraka.

Kwa kimo chetu siyo jambo la kutisha, ni marekebisho madogo tu, vijiko vyako vya beking pauda vipanguse kwa kisu viwe sawa kabisa na ukingo visiwe na kilima, na ukiona mchanganyiko ni mzito ongeza kijiko cha chakula kimoja au viwili vya mtindi au maziwa. Inatosha. Watu wa Mbeya walio karibu mita 1,700 ndo wana kazi zaidi.

Mtangata

Kumbe ndo maana keki zenu zina bonde katikati, nilidhani ni ramani ya Bonde la Ufa

TicherFizikia

Usituchokoze, sisi tuna zabibu

Ajuza_wa_Kondoa

Hamjambo wajukuu. Mmeongea maneno mengi ya kuchanganya, mbona moto hamjausema na huyu binti kasema hana oveni? Keki inaharibika kwenye moto kuliko kwenye bakuli.

Nyota_ya_Nkuhungu

Shikamoo bibi. Hapo ndo nilikuwa nataka kuuliza

Ajuza_wa_Kondoa

Marahaba mama. Sikiliza. Chukua sufuria kubwa nene ya zamani, ile usiyoionea uchungu, maana kuipasha ikiwa tupu bila maji kunaichakaza, na zile sufuria nyeusi zisizoshika chakula usithubutu. Ndani weka mchanga uliochekechwa ukaoshwa ukaanikwa ukakauka kabisa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu vilivyo sawa, au kopo fupi ulilolipindua. Funika pasha moto wa kati kama dakika kumi hivi ndipo uingize sufuria ya keki. Ya keki iwe ndogo isiguse pembeni, ule mvuke moto uweze kuzunguka, na uji wa keki usizidi nusu au nusu na kidogo.

Kama ni mkaa, palia. Chini moto kidogo, juu ya mfuniko makaa yaliyoiva uyatandaze mpaka pembeni, usiyarundike katikati. Wengi wanakosea wanajaza chini, keki inaungua tako juu bado nyeupe. Moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini, ukikumbuka hilo umemaliza. Na mkaa ni wa nje au barazani penye hewa, usiufungie ndani na watoto.

Kama ni gesi huwezi kupalia, basi moto uwe mdogo na uwe na subira, na mfuniko ule utatoa jasho litadondokea keki, kwa hiyo vika mfuniko kitambaa safi kikavu kinyonye, ncha zake zifungie kule juu kwenye mkono wa mfuniko zisining'inie kwenye moto. Ukiweka makaa juu kitambaa toa, usije ukatuletea habari nyingine hapa.

Kufunua funua ndo ugonjwa wa wanaoanza. Nusu saa ya kwanza usifunue, joto lote linatoka na keki inakaa chini. Baada ya hapo harufu itakuita yenyewe. Chomeka njiti ya mshikaki katikati, ikitoka na uji funika, ikitoka kavu au na chembe chembe epua. Kwa sufuria mara nyingi ni kama saa moja, wenye oveni nyuzi 180 dakika arobaini hivi.

MamaWaIlazo

Shikamoo bibi, hapo umemaliza kila kitu. Naongeza sufuria ya ndani ipake mafuta, nyunyiza unga kidogo igeuze geuze kumwaga unaozidi, na chini kata karatasi ya kuokea duara. Huna karatasi ya kuokea basi mafuta na unga vinatosha ila GAZETI USIWEKE, naona watu bado wanaweka, wino ule unaula. Sufuria ya upana wa sentimita 20 kwa vipimo vile imekaa sawa.

Ikishaiva iache kwenye sufuria yake dakika kumi, ndo uipindue. Ukipindua ya moto moto inakatika nusu inabaki chini, ukiiacha mpaka ipoe kabisa humo humo inalowa na kunata.

kijana_wa_mabweni

Mimi maswali yangu ni haya, moja mafuta ya alizeti yale ya kukamua ya Singida yanafaa? Nyumbani wametuma dumu. Mbili mayai ya kienyeji je? Tatu mtu akikosa mtindi

MamaWaIlazo

Alizeti ndo mafuta yetu huku, yanafaa kabisa, ila yale ya kukamua ambayo hayajasafishwa yana harufu yake na kwenye chipsi huisikii lakini kwenye keki ya vanila utaisikia vizuri sana. Tumia yaliyosafishwa yasiyo na harufu, au kama ni hayo tu unayo basi pika ya ndizi na mdalasini vifunike ile harufu. Uzuri wa mafuta ni kwamba yanabaki majimaji hata keki ikipoa, kwa hiyo keki inakaa laini kesho na keshokutwa. Ya siagi ikipoa inakaza. Na huku kwetu kiangazi hewa ilivyo kavu, keki ukiiacha wazi mezani usiku asubuhi ni rusku, kwa hiyo ifunike mara tu ikishapoa.

Kienyeji ni madogo, weka manne pale nilipoandika matatu.

Mtindi Dodoma unakosaje jamani, mji umezungukwa na wafugaji! Ukikosa kweli chukua maziwa fresh kikombe kimoja kamulia limao kijiko kimoja cha chakula, acha dakika tano yatakatika, tumia hayo.

Mke_wa_Dereva

Na hiyo ya ndizi vipi, mi naona ndo rahisi zaidi maana ndizi zilizoiva sana pale Majengo jioni wanakuuzia kwa bei ya kutupa. Na naona wengine wanatia magadi wengine beking pauda, kipi ni kipi?

MamaWaIlazo

Ya ndizi ni ndugu wa hiyo ya mtindi, na kama kuna mtu ananiambia hata kukoroga hawezi nampa ya ndizi. Ndizi tatu za kuiva mpaka ganda lina madoa meusi, zipondeponde kwa uma, hizo zinakaa badala ya mtindi, sukari punguza mpaka kikombe kimoja maana ndizi ina yake. Inatoka nzito nzito siyo ya kupanda sana, ndo ilivyo, usidhani imeshindwa. Kwa birthday ya mtoto mi bado naona ya mtindi inapendeza zaidi, nyeupe, inakatika vizuri.

Kuhusu magadi acha nieleze kidogo maana hapa keki nyingi zinafia. Kuna ile soda ya kuokea inayouzwa kwenye vipakiti dukani, watu wanaiita magadi soda, na kuna magadi ya mawe ya kulainishia maharage na mlenda. Ya mawe siyo ya keki kabisa. Hiyo ya kipakiti peke yake inahitaji kitu kichachu ndo ifanye kazi, mtindi, limao, siki, na nguvu yake ni mara tatu hadi nne ya beking pauda. Beking pauda ni soda hiyo hiyo imeshachanganywa na uchachu wake na wanga kidogo. Mtu anaishiwa beking pauda anachota soda vijiko viwili vile vile, keki inatoka ya kahawia yenye ladha ya sabuni. Anayeanza abaki na beking pauda, soda atakutana nayo huko mbele.

Na kabla hujavunja hata yai moja ijaribu beking pauda yako, nusu kijiko kwenye maji ya moto, ikichemka povu la nguvu iko hai, ikitoa vipovu viwili vitatu imelala usijisumbue. Makopo mengine yamekaa dukani tangu enzi, au muuzaji anafungua kopo kubwa anakupimia kwenye kikaratasi, unyevu umeshaingia zamani. Kopo jipya dogo linakutosha keki nyingi.

SponjiNdioMambo

Mmenielemea sawa, ila nasema tu sponji kwa miksa ni rahisi

MamaWaIlazo

Kwa miksa, sawa, hata mimi nimesema hivyo hivyo

Nyota_ya_Nkuhungu

Wakuu nimerudi. Nimepika jana jioni, gesi, mchanga, vijiwe, kila kitu kama bibi alivyosema. Jamani IMEUMUKA. Nilikuwa nimekaa pembeni ya jiko na simu mkononi naangalia saa sijafunua mpaka nusu saa imepita. Ndani imeiva vizuri, laini, watoto wamemaliza hata baba yao kabakiziwa kipande. Ila imepasuka juu katikati imefanya mlima, na juu rangi yake ni nyeupe haijapendeza kwa birthday. Hiyo inatokana na nini?

Ajuza_wa_Kondoa

Hongera mama. Kupasuka ni moto ulikuwa mkali mwanzoni, juu pamekauka pakafunga wakati tumboni bado inapanda, ikabidi itokee pale katikati. Siku nyingine ukishaingiza keki punguza moto kabisa, kwa gesi ule mdogo wa mwisho na jiko lile dogo la pleti siyo kubwa. Weupe ni wa gesi, ndo nilikuambia huwezi kupalia. Ukitaka rangi hamia mkaa.

TicherFizikia

Na vijiko vilipanguswa?

Nyota_ya_Nkuhungu

Vilipanguswa ticha 😂 kwa kisu kabisa

MamaWaIlazo

Hongera sana mdogo wangu! Weupe wa juu usihangaike nao. Keki ikipoa ule mlima unaukata kwa kisu cha mkate, unawapa watoto, halafu unaigeuza chini iwe juu. Chini ndo pametulia pamenyooka na pana rangi, ndo pa kupambia. Hata sisi wa kuuza tunafanya hivyo.

Sasa mapambo. Usiende kwenye krimu za kupiga kwa mwezi huu, joto hili bila friji mpaka wafike kuimba happy birthday imeshachuruzika, na Blue Band na sukari ya aisingi nayo ikikaa juani inalegea. Chukua sukari ya aisingi, kikombe kile kidogo kimoja na nusu, tia maji ya limao kijiko kwa kijiko mpaka iwe nzito ya kumwagika polepole, mimina juu iache ishuke pembeni yenyewe. Inakauka inakaza, joto haliifanyi kitu. Juu panga zabibu, mbichi zetu kama ni msimu, kavu kama siyo msimu, au karanga za kukaanga zilizotwangwa kidogo. Kama watoto wanataka rangi weka zile pipi ndogo za rangi dakika ya mwisho kabisa, ukiziweka mapema rangi inalowa inatembea.

Na kama utataka zabibu kavu za ndani, zipake unga kidogo kabla ya kutia, na uji wako usiwe mwepesi, ukiwa mwepesi zitazama chini zote hata uzipake gunia la unga.

Nyota_ya_Nkuhungu

Wageni watakuwa watoto kama kumi na tano na wakubwa wao, hiyo moja itatosha? Au niongeze vipimo mara mbili kwenye sufuria kubwa

MamaWaIlazo

Usiongeze kwenye sufuria moja, tena kwa gesi, katikati haitaiva mpaka pembeni paungue. Pika mbili za kipimo kile kile, moja Ijumaa jioni moja Jumamosi asubuhi, hii keki ya mafuta hata ikiwa ya jana wala haitajulikana. Ukitaka zipandanishe, katikati paka jamu. Ukikata vipande vidogo vya mraba siyo vile vya pembe tatu wanatosha na unabaki na vya majirani.

Mke_wa_Dereva

Mimi napika ya ndizi kesho nitaleta picha

kijana_wa_mabweni

Swali langu la mwisho na ndo lile nililosema mwanzo, hapa tuna rais kuka tu, ile ya kupikia wali, hiyo keki ya mtindi inaiva humo au najidanganya?

MamaWaIlazo

Inaiva mdogo wangu, ila ile kitufe kitaruka kwenda kwenye kupasha kabla keki haijaiva, wewe iache hapo dakika kumi ndo ubonyeze tena, rudia mpaka njiti itoke kavu. Juu itabaki nyeupe, chini itakuwa na rangi, kwa hiyo geuza. Sufuria yako ya ndani ni ya lita ngapi? Kama ni ile ndogo ya lita moja usimimine kipimo chote, gawa kwa tatu, yai moja, kila kitu theluthi.

kijana_wa_mabweni

Ni ya lita moja na nukta nane

MamaWaIlazo

Basi weka theluthi mbili, mayai mawili, mtindi na unga kwa hesabu hiyo hiyo. Beking pauda kijiko kimoja na robo, kipanguse.